Hakiruhusiwi na Nani?

Alhamisi, saa tatu usiku, mvua ya masika inapiga bati. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, hatua mbili kutoka kwenye kioo cha monita, kanga mabegani, jicho la kulia limefunikwa na kile kikinga alichowekewa hospitali baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Kikombe cha kahawa kiko mkononi. Simu ipo mapajani, dada yangu yuko hewani kutoka Muscat, anasubiri tuseme "tayari" ili na yeye abonyeze tamthilia ianze kule.

Kioo kikazima, kikawaka, kikazima tena. Halafu yakaja maneno meupe kwenye weusi, ya Kiingereza, na katikati yake herufi nne ambazo usiku ule hazikuniambia kitu: HDCP.

"Wanasemaje hapo?" Mama akauliza.

Nikasogea, nikasoma mara mbili.

"Wanasema tamthilia haiwezi kuonyeshwa hapa, Mama. Kioo hiki hakiruhusiwi."

Akageuka mwili mzima, kwa kuwa kwa jicho moja hawezi kunitazama kwa pembeni.

"Hakiruhusiwi na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimepanda nalo daladala, na leo ni wiki ya saba.

Kompyuta Na. 3

Wanaonifahamu wanajua kwamba niliwahi kuwa na stesheneri mkabala na shule ya sekondari. Fotokopi, kuchapa barua, kujaza fomu za mkopo, picha za paspoti. Kioo ninachokizungumzia kilikuwa pale. Ni monita ya Dell ya inchi 22, nyuma ina lebo inayoonyesha ilitengenezwa mwaka 2009, nami niliinunua Kariakoo mwaka 2013 ikiwa tayari imetumika kwingine. Mpaka leo ina kikaratasi cha gundi kilichogeuka rangi ya chai: "Kompyuta Na. 3".

Namba tatu ndiyo iliyokuwa inatazama upande wa wateja. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, watu walikuwa wanajaa hadi barazani, na mimi nashuka taratibu kwenye ukurasa wa NECTA, namba baada ya namba, wazazi wameinama juu ya bega langu. Nimeona mbele ya kioo hicho baba mtu mzima akikaa chini sakafuni kwa furaha. Nimeona pia binti akitoka bila kusema neno, na mama yake akimfuata ameshika viatu vya wote wawili.

Hela ya kukinunua ilitoka kwa Mama. Alivuna nazi za msimu mzima kule Pangani, akauza, akanitumia, akasema, "Fungua biashara, mwanangu."

Stesheneri niliifunga mwaka 2020. Kompyuta zenyewe niliziuza kwa bei ya chakavu, lakini monita ile ilibaki, na ikakaa chini ya uvungu imefunikwa kanga iliyochanika.

Sasa Mama alipokuja mjini kwa ajili ya macho, dada yangu akawa na wazo. Kule Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi usiku ndiyo usiku wake wa kupumua. Akamfungulia Mama akaunti kwa jina lake kwenye huduma moja ya kulipia, yenye tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kila mwezi anailipia mwenyewe. Mpango ulikuwa kila Alhamisi watazame sehemu moja kwa wakati mmoja, yeye kule na Mama huku, kisha waisimulie kama zamani walipokuwa wanakaa jikoni. Miaka sita hawajaonana. Mimi jukumu langu lilikuwa kutafuta kioo.

Simu ni ndogo kwa jicho linalopona. TV ya sebuleni ni ya watoto, king'amuzi na mpira, na siwezi kuwatoa watu watano kwenye mechi ya Simba na Yanga kwa ajili ya tamthilia. Mama alihitaji kioo chake, chumbani kwake.

Nikainama, nikavuta kanga.

King'amuzi cha mama

Monita haina tofauti kubwa na TV kama tulivyozoea kudhani. Kioo ni kilekile. Kinachokosekana ni vitu vitatu: kipokezi cha matangazo, spika, na siku hizi ile kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya TV inayoendesha YouTube na wenzake. Vyote vitatu vinaweza kukaa nje. Sabufa tulikuwa nayo. Kompyuta ndogo nikainunua, ile ya kuchomeka kwenye tundu la HDMI, wauzaji wanaiita stiki.

Ila monita yangu haikuwa na HDMI. Ilikuwa na waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu na misumari miwili ya kukaza, uliokazwa tangu siku ya kwanza ya stesheneri na haukuwahi kufunguliwa. Pembeni yake palikuwa na tundu jingine, jeupe, limezibwa na kifuniko cha plastiki chenye vumbi. Sikulijali. Nikanunua konveta, kidude cha ukubwa wa kiberiti: huku unachomeka HDMI, huku unachomeka VGA. Sauti nikaipeleka kwenye sabufa kwa Bluetooth.

Ikawaka.

Jumatatu ile ilikuwa sikukuu ndani ya chumba kile. Tulifungua YouTube, Mama akasikiliza qaswida, akatafutiwa taarabu za ujana wake, akaona video ya mtu aliyerekodi kivuko cha Pangani kutoka upande wa Bweni, akawa anataja nyumba moja moja kwa wenyewe. Akaniuliza hicho kijiti nyuma kinafanya nini. Nikaanza maelezo marefu, akanikatisha:

"Si kama king'amuzi?"

Ni kama king'amuzi hasa. Mtambo wa analojia ulipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine kufuata, wengi walidhani TV zao za chogo zimekufa. Hazikufa. Ulinunua king'amuzi, ukachomeka zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na chogo likaendelea na maisha. La Mama liliishi mpaka radi ilipolipiga mwaka 2017. Akili ilihama, ikakaa kwenye kisanduku pembeni, na kioo kikabaki kufanya kazi ya kioo.

Tangu hapo nimekuwa nikizitazama TV dukani kwa jicho jingine. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye TV nyingi za miaka ya nyuma. Desemba 2019 Netflix ikaacha kufunguka kwenye baadhi ya TV za zamani za Samsung na Vizio. Vioo vyake vilikuwa vizima. Kilichozeeka ni akili, na akili ilikuwa imefungwa humohumo ndani. Kioo cha Mama hakina ugonjwa huo. Stiki ikizeeka tutachomoa, tutachomeka nyingine.

Nilijisikia nimepata kitu. Mpaka Alhamisi.

Kupeana mikono

Jibu la swali la Mama lilinichukua usiku kadhaa wa kusoma. Nalieleza hapa jinsi nilivyolielewa.

Kabla stiki haijatoa picha ya filamu ya kulipia, inasimama mlangoni na kuuliza: wewe uliye upande wa pili wa waya, una funguo? Kioo kinachotambulika kina funguo zake za siri, namba 40 zilizowekwa ndani kiwandani. Kinajibu, stiki inapiga hesabu, kioo nacho kinapiga yake, majibu yakilingana ndipo picha inapita, tena ikiwa imevurugwa kwa namna ambayo ni kioo hicho tu kinaweza kuipanga. Mazungumzo hayo yanatokea ndani ya kufumba na kufumbua. Wenyewe wanayaita kupeana mikono.

VGA ni ya mwaka 1987, ilitoka na kompyuta za IBM. Inabeba picha kama mawimbi ya umeme, yanapanda na kushuka. Ndani ya mawimbi yale hakuna nafasi ya swali hili wala ya jibu lake. Kwa hiyo stiki iliiuliza konveta yangu, na konveta haikuwa na la kusema. YouTube haikuuliza, ndiyo maana ilipita. Tamthilia ya kulipia iliuliza.

Sentensi moja ilinikaa kooni: kioo cha Mama hakikukataliwa. Hakikuulizwa kabisa. Aliyeulizwa ni mkalimani aliyesimama katikati, naye akanyamaza.

Na nani anayeruhusu? Utaratibu huu, ndiyo ile HDCP ya kwenye kioo, ulibuniwa na Intel ya Marekani. Leseni zake zinatolewa na kampuni yake tanzu iitwayo Digital Content Protection. Anayetengeneza TV, monita au stiki analipia, anapewa funguo.

Nikamwambia Mama asubuhi, anakunywa uji.

"Ni kampuni moja iko Marekani."

"Inanijua?"

"Haikujui, Mama."

"Dada yako si amelipa?"

"Amelipa."

Akaendelea na uji wake. Nadhani yeye alikuwa ameshamaliza. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma jambo jingine ambalo sikumwambia.

Mwezi Septemba 2010 ufunguo mama wa HDCP, ule unaozaa funguo nyingine zote, ulivuja na kusambazwa kwenye intaneti, na Intel wenyewe wakathibitisha kwamba ni wa kweli.

Mwaka 2010!

Monita ya Mama ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Tangu siku hiyo, mtu mwenye utaalamu na nia ya kuiba alikuwa na njia ya kupita kwenye kufuli hilo. Ukitembea mjini leo utaona filamu zimepangwa juu ya turubai, zimejaa kwenye flashi, unajaziwa ukiwa umesimama. Mwizi hakuwahi kusimamishwa na herufi zile nne. Aliyesimamishwa ni mwanamke wa Pangani mwenye umri wa miaka 68, ambaye binti yake ametoa riyali za jasho lake kulipia halali.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sijakasirika hivyo kwa kitu kisichokuwa na uhai kwa muda mrefu.

Upande wa binamu

Lakini nina binamu aliyewahi kutengeneza filamu, na siwezi kuandika kama sina.

Alikopa, akauza pikipiki, akapiga picha siku 19. Filamu ilipotoka, siku ya tatu aliikuta imebebwa na kijana kwenye beseni, nakala ambazo yeye hakuzitoa, mbele ya kituo cha daladala. Zile stika za TRA zilizowekwa kwenye CD na DVD ili kutofautisha halali na haramu, kwenye zile hazikuwepo, na hakuna mteja aliyeuliza. Hajatengeneza filamu nyingine tangu hapo. Nilikuwepo siku aliyorudisha kamera ya watu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "makufuli yote yafutwe," namfikiria binamu yangu na ninanyamaza kidogo. Mwenye kazi ana haki ya kuweka mlango.

Ninachouliza ni mlango unamzuia nani. Mlango ambao mwizi ana ufunguo wake na mwenye tiketi anabaki nje kwa sababu amekuja na viatu vya zamani, huo mlango unalinda nini? Nimeligeuza swali hili kila upande. Nililipeleka hata kwa binamu mwenyewe. Akafikiri, akasema, "Mimi walioniibia hawakutumia waya wa HDMI." Basi, akabadilisha mazungumzo.

Kisanduku cha laki moja

Kulikuwa na njia ya mkato, nami niliijaribu.

Kijana mmoja anayeuza vifaa barabarani alinionyesha kisanduku cheusi kisicho na jina la maana, kina matundu kila upande, AV, HDMI, USB. Laki moja. "Hiki hakiulizi kitu," akaniambia. Humo kuna kila filamu, kila tamthilia, mechi zote, hulipii milele. Nikakileta nyumbani. Kweli hakikuuliza kitu. Mama aliona tamthilia yake siku hiyohiyo, kwenye konveta ileile, kioo kilekile.

Nilikaa nacho siku nne.

Sikupata raha. Kwanza, malipo ya dada yangu yalikuwa yanaendelea kukatwa huku sisi tunatazama nakala ya wizi ya kitu kilekile alichokilipia. Pili, kisanduku kilikuwa cha moto hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti, na bando lilikuwa linapungua usiku tumelala. Nikaanza kusoma tena. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu mtandao walioupa jina BADBOX 2.0: vifaa vya nyumbani, vikiwemo visanduku vya TV vya bei rahisi, vinauzwa vikiwa tayari vimepandikizwa programu ovu, au vinaipokea wakati wa kuwekwa sawa. Kisanduku kinatumia intaneti ya nyumba yako kufanyia shughuli za watu wengine, na wewe hujui. Sina ushahidi kwamba changu kilikuwa na ugonjwa huo. Lakini kipo kwenye waifai moja na simu yangu, na simu yangu ndiyo benki yangu.

Nikakichomoa. Laki moja haikurudi.

Nilijikuta nimesimama katikati ya vitu viwili ambavyo vyote sivitaki. Kimoja kinauliza mno, kingine hakiulizi kabisa.

Tundu jeupe

Wiki ya tatu niliibeba monita yenyewe, nimeifunga kwenye shuka, nikaenda kwa fundi. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya konveta na nilisikia kwamba mafundi wanaweza kuigeuza monita kuwa TV kabisa: wanafungua nyuma, wanatoa bodi yake, wanaweka bodi ya TV wanayoiita ya universal, yenye HDMI, spika na rimoti. Inawezekana, na kuna wanaoifanya vizuri.

Fundi akaigeuza atafute misumari ya kufungulia. Akaweka bisibisi mezani. Kwa kucha ya kidole gumba akakibandua kile kifuniko cha plastiki pembeni ya VGA, akapuliza vumbi.

"Sista, hii si DVI hii?"

Tundu lilikuwa na safu tatu za vitobo vidogo na mpasuo mmoja bapa upande. Miaka yote ile ya stesheneri sikuwahi kulitumia.

"Unataka nifungue nini sasa? HDMI imezaliwa humu."

Ni kweli. DVI ni ya mwaka 1999, HDMI ikaja mwishoni mwa 2002, na picha ndani ya nyaya hizo mbili inasafiri kwa lugha moja. Haihitaji mkalimani, unahitaji waya tu wenye HDMI huku na DVI kule. Fundi akaingiza mkono kwenye ndoo ya nyaya zilizosukana kama mizizi, akatafuta kwa muda mrefu, akavuta mmoja mweusi mnene. "Hizi hazina soko," akasema. Shilingi elfu nane. Hakuifungua monita na hakunidai hela ya ufundi. Nikamwachia elfu mbili ya maji, akakataa, nikaiweka mezani nikaondoka.

Sikuwa na uhakika bado. DVI kubeba picha ni jambo moja, kioo kuwa na zile funguo ni jambo jingine. Monita nyingi za mwanzo zenye DVI hazina. Kuanzia 2006 hivi, watengenezaji wengi walianza kuziweka kwa sababu filamu za diski za HD zilikuwa zimeingia sokoni. Yangu ni ya 2009. Nilikuwa na matumaini, ila nilikuwa nimeshaumia mara moja.

Sikusubiri Alhamisi. Nilifika nyumbani saa kumi jioni, Mama amelala. Nikachomeka. Nikafungua tamthilia nikiwa nimesimama, kidole kwenye rimoti.

Weusi.

Sekunde moja, mbili.

Halafu mwanamke mwenye kilemba chekundu akatokea anashuka ngazi.

Nilikaa kitandani miguuni kwa Mama, na bila kutarajia machozi yakanitoka. Kioo kilikuwa na funguo muda wote. Tangu siku kilipotoka kiwandani, tangu kikiwa mezani na wazazi wameinama juu ya bega langu, kilikuwa na jibu ndani yake. Ilibidi tu aulizwe mwenyewe.

Nyuso ndefu

Mama alipoamka, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba watu wamekuwa warefu.

Alikuwa sahihi. Monita ile si ya umbo la TV: ni nukta 1680 kwa 1050, imenyanyuka kidogo kuliko TV za sasa. Stiki ilijichagulia 720, picha yenye umbo la TV, na kioo kikaivuta picha ijae juu mpaka chini, kila uso ukaongezeka kidevu. Nikaingia kwenye menyu kwa vile vitufe vya pembeni, nikapata sehemu ya umbo la picha, nikabadilisha. Nyuso zikarudi. Sasa kuna ufito mweusi juu na chini, kama sentimita moja na nusu kila upande. Mama anasema ni kama upindo wa kanga, haumsumbui.

Sauti ilichukua muda zaidi. Bluetooth ya sabufa yetu inachelewa kidogo, mdomo umeshafunga ndipo neno linafika. Mimi ningevumilia. Mama, ambaye siku hizi anategemea midomo kwa sababu usikivu nao unapungua, hakuweza. Kwenye mipangilio ya stiki kuna sehemu ya kurekebisha tofauti hiyo, unaisogeza kidogokidogo huku unatazama. Tulikaa karibu nusu saa, yeye anasema "bado", mimi nasogeza, "bado", nasogeza, mpaka akasema "hapo" na akanyamaza kutazama. Sijagusa tena.

Na kioo cha aina hii kina kasoro moja isiyo na dawa: ukikitazama kutoka chini, kama umelala, rangi zinageuka, nyeupe inakuwa kijivu na nyuso zinaungua. Kimetengenezwa kwa mtu aliyekaa mbele yake. Nimeweka kipande cha mti nyuma ya stendi ili kiiname mbele kidogo, na Mama anatazama akiwa ameketi.

Umeme ni mdogo. Monita na stiki pamoja haifiki wati 50, maana yake uniti moja ya LUKU ni zaidi ya saa 20. Kinachouma ni bando. Netflix wanaeleza wenyewe kwamba saa moja ya ubora wa kawaida inakula kama GB 0.7, na ya HD inaweza kufika GB 3; huduma tunayotumia sisi haiko mbali na hapo. Tumeiweka kwenye ubora wa kawaida. Kwa inchi 22 na jicho linalopona, Mama haoni tofauti, na nimemuuliza kweli.

Jirani na kioo chake

Ningetamani kusema mambo yameishia hapo. Wiki iliyopita jirani yangu alikuja amebeba monita ya inchi 17, amesikia habari. Akaiweka barazani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akanitazama.

Nyuma ina tundu moja tu. Bluu.

Nilimweleza nikimpa konveta yangu, ambayo sina kazi nayo tena: YouTube itakubali, mwanao atasoma masomo ya kidato cha pili humo bila shida, hotuba na mawaidha mtasikiliza. Lakini ukilipia filamu, usije ukanilaumu, kioo chako hakitaulizwa. Akanishukuru kwa konveta. Kisha akasimama, akawa kama anataka kuuliza jambo, na mimi nikajua ni swali gani.

Jibu ninalo sasa, jina la kampuni na mwaka. Bado halinitoshi. Kioo chake ni kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo.

Alhamisi

Jana Mama alikaa saa tatu kasoro kumi. Kikinga cha jicho kilishaondolewa, sasa ana miwani nyeusi mchana tu. Dada yangu kule ni saa nne, amemaliza kazi, amevua viatu, tunasikia anapasua njugu.

"Tayari?"

"Tayari."

"Moja, mbili, tatu."

Intaneti ya Muscat ina kasi kuliko yetu. Kufika katikati ya sehemu ile, sisi tulikuwa nyuma yake kwa kama nusu dakika, na dada akaguna kwenye simu kwa jambo ambalo kwetu lilikuwa halijatokea.

"Usiniambie!" Mama akapiga kelele, akaigeuza simu kifudifudi kwenye paja, akaikandamiza kwa kiganja, macho yote mawili kwenye kioo.